Macho ya Vunjajungu wa Guta

Zuhura,

Hali yako sikuulizi, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anataka uweke blanketi la pili, wewe unasema Morogoro hakuna baridi. Studio nimeifunga tangu adhuhuri. Wateja wawili wa picha za pasipoti wamegonga, wakachoka, wakaenda zao. Mambo ya chakula, sala, afya na wanaume mama yako ameshakumalizia, na kwa hayo ni hodari kunizidi. Mimi nina jambo moja tu, na nina hasira nalo tangu Jumamosi. Jumapili kwenye pilau ya kukuaga umeniona nacheka na wageni. Meno tu yale.

Kesho unakwenda kuanza kazi. Chuo kimekuajiri umsaidie mwalimu wa picha, na umenieleza mwenyewe kazi yenyewe ni nini: kukaa na wanafunzi, kuangalia picha zao za karibu za wadudu, za maua, za magome ya miti, na kuwaambia wapi pamekaa sawa na wapi warudie. Maana yake wamekuajiri kwa ajili ya mdomo wako. Na mimi baba yako, baada ya kile ulichofanya Bunda, huo mdomo siuamini.

Nikukumbushe, maana nadhani wewe umeshasahau. Tulikuwa saba wa kikundi chetu cha picha kwenye kile chumba nyuma ya duka la vitambaa, kila mtu kaweka mezani picha yake moja niliyomsafishia. Ikafika zamu ya Mama Nyangeta. Mwanamke wa watu analima nyanya na bamia Guta, mume kamzika, simu kaachiwa na mwanawe, na ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu nilimpa mimi. Akaweka vunjajungu wake, kakaa juu ya jani la bamia, mikono kaikunja mbele anasubiri nzi. Mimi kwa fahari zangu nikasema leo atuambie binti yangu, ndiye mwalimu sasa. Ukaiinua ile picha. Hukuishika hata muda wa mtu kumeza mate. Ukasema, "Nzuri sana, mama. Usibadilishe kitu." Ukapiga makofi, na wenzako wakapiga.

Mama Nyangeta akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. Halafu akatuambia kile alichokuwa hajamwambia mtu. Kuna watu pale Bunda wanatengeneza kitabu cha wadudu wa shambani, ili mkulima ajue yupi rafiki na yupi adui, na wanatafuta wakulima watakaowapigia picha kwa misimu miwili, wafundishwe, wapewe kamera ya kweli. Kila mtu anatuma picha moja tu. Mwisho ni Ijumaa jioni. Alikuwa na picha tatu na hajui achague ipi. Sasa amejua, kwa sababu mwalimu amemwambia.

Tukapanda gari kurudi Musoma. Hatujafika hata Kiabakari ukaniinamia sikioni, ukasema, "Baba, yule mdudu macho yote yameyeyuka. Na lile dumu la njano nyuma yake umeliona? Lakini ningemwambia nini, mama wa watu." Ukacheka.

Kumbe uliona. Hapo ndipo damu iliponichemka. Kama ungekuwa hujaona, ningesema mtoto bado anajifunza, tutafika. Lakini kwa kutupa jicho mara moja uliona kwamba fokasi imeangukia kwenye mikono na macho yamepotea, ukaona na dumu kule juu pembeni linavyomvuta mtazamaji atoke kwa mdudu aende kuteka maji. Vitu viwili, na vyote vinarekebishika na mtu anayeamka kila siku ndani ya shamba lake. Hivyo vitu viwili ukanipa mimi, ambaye sina shida navyo. Mwenye picha ukampa makofi.

Jumapili nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba mtu mzima hakosolewi mbele za watu. Sawa. Nani alikwambia mbele za watu? Baada ya kikao alikuwa nje peke yake bombani ananawa miguu, na wewe ulikuwa umekaa kizingitini unachezea simu. Heshima gani hiyo ya kumsifu mtu usoni na kumcheka garini? Amekuzaa kwa umri, na wewe ukamfanya mtoto mdogo anayeonyeshwa pipi anyamaze. Angekuwa mwenzako wa rika ungemwambia. Nakujua, ungemwambia mpaka akome.

Nimeandika hapo juu kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Nimekunywa maji, naendelea.

Kuna mtu hukumjua, ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Mwalimu Wambura, alifundisha shule ya msingi Butiama. Zilikuwa siku za filamu. Kila mwisho wa mwezi alikuja na filamu moja, na picha zake zote thelathini na sita amezimaliza kwa kereng'ende, mijusi, na ule ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe. Watu walimwona hamnazo. Mimi nilikuwa kijana mwenye studio mpya hapa Kamunyonge, najiona nimefika, na kipimo nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, cha pasipoti. Nikampimia kwa hicho. Nilimwambia mdudu akae katikati, atazame mbele, nyuma yake pawe peupe. Usicheke, Zuhura. Nilimwambia mtu mzima ampige kereng'ende kama anayeombewa kibali cha kusafiri.

Benchi lilikuwa limejaa wateja, wakacheka, na mimi nikapenda kile kicheko. Basi nikaongeza. Nikainua picha moja ambayo kereng'ende yuko pembeni kabisa, kakamata unyasi umepinda, na sehemu yote iliyobaki ni maji yenye mwanga. Nikamuuliza, mwalimu, hapa umepiga mdudu au umepiga maji ya kuoshea vyombo? Akatabasamu yule bwana. Ile picha akaiacha mezani, akaondoka.

Mwezi uliofuata alikuja na picha za wadudu waliolazwa juu ya karatasi nyeupe za manila za shuleni. Wote katikati. Wengine walikuwa wamekufa, ungeona tu miguu ilivyojikunja. Nikamwambia, sasa umejua kazi. Hakurudi tena. Baadaye nikasikia kamera amempa mdogo wake anapigia harusi.

Miaka tisa ikapita. Siku napanga droo la picha zisizochukuliwa na wenyewe, nikaikuta ile ya unyasi. Wakati huo nilikuwa nimeanza kupiga za karibu mimi mwenyewe, kwa shida, nimelala kifudifudi kwenye nyasi na magoti yananiuma, kwa hiyo nilikuwa nimepata macho kidogo. Nikakaa chini. Katika miaka yote ya studio hii, haijapita mikononi mwangu picha nzuri kuliko ile, na mimi niliifanya ichekwe na benchi zima. Niliona hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nikampigia kelele fundi wa umeme aliyekuja kusoma mita, hana kosa lolote.

Nikaenda Butiama. Nilimkuta anachimba mihogo. Nikampa picha yake, nikamwambia ukweli kwamba mimi ndiye nilikuwa sijui. Akafuta mikono kwenye suruali, akaitazama sana. Akasema, "Fundi, mimi nilikuwaga nakuja kwako na swali moja tu. Ukiitazama picha yangu, macho yako yanaanzia wapi, halafu yanaenda wapi. Basi. Hukuniambiaga hata siku moja." Nikamwomba aanze tena, kamera nitamwazima. Akasema siku hizi hata madaftari ya watoto anasoma kwa miwani, hao kereng'ende atawaonea wapi. Hakunisema vibaya. Alinifungia mihogo kwenye mfuko nikuletee wewe na mama yako, na mimi ile mihogo niliila kwa hasira.

Sasa sikiliza nilivyoharibu mara ya pili. Ulikuwa na miaka kumi. Nilitoka Butiama nimeapa kwamba sitamvunja tena mtu moyo kwa picha. Nikakununulia ile kamera ndogo, tukawa tunakwenda Makoko kwenye mawe ya ziwani, wewe unapiga konokono, buibui, mijusi wenye vichwa vyekundu. Kila ulichonionyesha nilisema nzuri. Iliyotikisika, nzuri. Yenye kidole chako mbele ya lenzi, nzuri. Siku moja ulinionyesha buibui na umande wake, ukaniuliza, "Nzuri wapi, baba?" Nikajibu, "Kote."

Ulikunja uso. Nauona mpaka leo. Mtoto wa miaka kumi aliniuliza swali lile lile la Mwalimu Wambura, na mimi niliyekwenda mpaka Butiama kulisikia sikulitambua. Hukuuliza tena. Baada ya mwaka ulikuwa unaniletea picha ili usifiwe tu, na ukitaka kujua ukweli unakwenda kwenye simu, kwa watu usiowajua wanaotukanana chini ya picha za wenzao. Kuona ulijifunza huko, peke yako, na umejifunza vizuri kunishinda. Ile "nzuri sana" uliichukua kwangu. Jumamosi ulipoisema niliitambua sauti yangu, na ndiyo maana masikio yananiwaka mpaka leo. Nilinyamaza garini kwa sababu sikuwa na uso wa kukukemea.

Anayeijua kazi hii katika nyumba yetu ni mama yako, naye hajawahi kushika kamera. Mtazame anavyompimisha mtu gauni. Hasemi limependeza, hasemi limeharibika. Anamwambia inua mkono, hapa kwapani panakubana? Anachomeka pini palepale. Juzi yule dada anayejifunza kwake alileta kola imekaa upande. Mama yako akaiwekea kidole, akamwambia uzi umevutwa hapa, fumua kuanzia hapa mpaka hapa, kwingine usiguse. Yule dada akaondoka anajua aanzie wapi. Nimekaa jirani na cherehani hiyo zaidi ya miaka ishirini nikidhani ni habari za vitambaa.

Basi nikajiona nimeelewa. Jana niliwaaga kwamba nakwenda Bunda kuchukua karatasi za kusafishia picha. Nilikwenda Guta. Nilitaka nikuondolee aibu kabla hujasafiri, na nisikufiche, nilitaka pia nijisikie mtu mwema. Nyuma ya bodaboda nilipanga maneno yote. Nitamuuliza macho yake yanaanzia wapi. Nitamwambia jinsi jani na ile mikono vilivyokaa vizuri. Nitamwekea kidole kwenye dumu, nitamwekea kidole kwenye macho, nitamwambia bado ana siku tatu.

Nilimkuta kwenye bamia. Akaacha jembe, akanikaribisha, akaweka chai na viazi. Picha ilikuwa ukutani karibu na kalenda. Fomu alikuwa ameshaijaza, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi sana. Nikiwa bado natafuta pa kuanzia, akaanza yeye.

"Fundi, niambie wewe. Yule ni mtoto, labda ananipenda tu. Mimi nilikuwaga naogopa kwamba kwenye kile kikundi mnanihurumia, mjane na kasimu kake. Hii picha ni nzuri kweli?"

Unaona? Alinifungulia mlango mwenyewe. Kanisogezea na kiti. Hakuna mtu aliyewahi kuomba ukweli kwa uwazi namna ile, na mimi nina mvi, nina studio, nina Wambura moyoni mwangu. Nikasema, "Nzuri."

Akashusha pumzi. Akasema basi, mtu na baba yake hawawezi kukosea wote wawili. Akaniongezea chai.

Niliondoka pale nikijitukana mpaka stendi ya Bunda. Hasira yote niliyokuwa nimekuwekea wewe tangu Jumamosi ikanigeukia, na haikupungua hata kidogo kwa kugeuka. Wewe ulikuwa na haraka na aibu ya ujana. Mimi nimeulizwa nikiwa nimekaa, na chai mkononi.

Na kuna jambo lililoniumiza zaidi nikiwa pale stendi. Wewe na mimi tumesema macho yameyeyuka, macho yameyeyuka. Je, kama hakuyataka macho? Mwanamke yule anakaa na wadudu kila asubuhi. Labda alichotaka kuonyesha ni ile mikono ilivyojikunja na miiba yake, kabla haijamkamata nzi anayemharibia bamia. Kama ndivyo, fokasi yake iko mahali pake kabisa na aibu ni yetu sisi mafundi. Labda ni dumu tu. Labda ni vyote. Sijui. Hatukumuuliza alitaka nini, wewe wala mimi, na tumeshampimia. Kwa hiyo hata nikisema leo kwamba tulimdanganya, sijui tulimdanganya kiasi gani.

Sasa hili ndilo nililofanya. Tiketi nitakayokupa kesho asubuhi imeandikwa Bunda. Karani hajakosea, na usiende dirishani kugombana naye. Shuka Bunda, panda bodaboda, nenda Guta. Kazi yako inaanza Jumatatu, nimehesabu, muda upo. Utalala kwa Mama Nyangeta. Amesema atakutafutia sato mkubwa.

Ukifika mwamkie vizuri, kaa kwenye mkeka, kiti mwachie yeye. Mwambie kwamba Jumamosi ulisema kile ulichodhani anapenda kusikia, na kwamba baba yako naye jana alisema hivyo hivyo. Unitaje kwa jina, usinisitiri. Kisha muulize alitaka tuone nini. Umsikilize mpaka amalize, hata akizunguka mpaka kwenye habari za marehemu. Baada ya hapo ndipo umwambie macho yako yalianzia wapi. Ijumaa alfajiri muwe wote shambani, umande ukiwepo na wadudu wakiwa bado wana baridi hawajachangamka. Dumu ni lake, anaweza kulihamisha kwa mkono mmoja. Simu aishike yeye. Wewe mikono yako iweke mfukoni, maana najua itawasha. Akitaka kutuma ile ile ya ukutani baada ya kujua yote, aitume, ni picha yake.

Atakasirika, nadhani. Mimi ningekasirika. Kaa umsikilize. Akilia, kaa. Usiharakishe kumwambia kwamba hata hivyo ni nzuri. Najua neno hilo litakavyokukaba, limenikaba mimi na umri huu, na sitaki ulipeleke Morogoro ukawagawie watoto wa watu darasani.

Tiketi ya kutoka Bunda mpaka Morogoro ni ya Jumamosi. Nilipoikata jana sikupanda gari la kurudi Musoma. Niligeuza bodaboda nikarudi tena Guta, safari mbili kwa siku moja, na bado kinywa hakikufunguka. Lakini bahasha yenye hiyo tiketi ya Morogoro niliiacha kwake. Nimemwambia Mama Nyangeta kwamba una neno la kumwambia, na kwamba asikupe tiketi mpaka umwambie.

Baba yako